Kasino ziweke saa na kikomo mbele ya mchezaji wa poka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze yaliyonipata katika meza ya poka ya kasino moja Jumamosi usiku, pamoja na ombi lililotokana nayo. Sikuja kulalamikia bahati, maana anayekaa mezani amekwisha kukubali kwamba kuna kula na kuna kuliwa. Kinachonisukuma kuandika ni hesabu niliyoipiga baada ya hapo, saa kwa saa na dau kwa dau, ambayo imenionyesha kwamba karata iliyoniumiza moyo siyo iliyonimaliza.

Wanaoujua mchezo huu wataniwia radhi nikiueleza kwa ufupi kwa ajili ya wengine. Katika poka ya Texas kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi katikati ya meza, kwanza tatu, halafu moja, halafu ya mwisho, na kati ya hatua moja na nyingine watu huweka dau, hulipandisha, au hutupa karata zao. Nilikuwa nimekaa tangu saa mbili usiku nikicheza kwa subira, nikizitupa karata mbovu bila kunung'unika. Ilipofika kama saa nne na nusu nilizinyanyua ncha za karata zangu nikaona ree ya kopa na ree ya shupaza. Hakuna jozi ya kuanzia iliyo kubwa kuliko hiyo, na mchezaji huipata kwa wastani mara moja katika migawo 221. Nikapandisha dau. Bwana mmoja wa makamo aliyekaa mkabala nami akapandisha zaidi, nikaingiza vyote nilivyokuwa navyo, naye akafuata bila kusita. Tulipofunua, alikuwa na wafalme wawili.

Wakati huo nilikuwa na takriban nafasi 82 katika 100 za kushinda. Karata tatu za kwanza hazikumsaidia, na ya nne haikumsaidia. Kati ya karata 44 ambazo sisi wawili hatukuwa tumeziona, zilibaki mbili tu za kuniangusha, wale wafalme wengine wawili, maana wafalme watatu huzishinda ree mbili; hiyo ni nafasi moja katika 22. Mgawaji akaiweka kando karata ya juu kama ilivyo desturi, akafunua ya tano, nami nikaiona kona yake nyeusi kabla haijalala juu ya kitambaa: mfalme wa pau. Chipu zangu, vile vibao vya duara vinavyotumika mezani badala ya fedha, zilikusanywa kwa ubavu wa kiganja na kusukumwa upande wa pili. Yule bwana hakucheka wala hakushangilia. Alisema tu, "Pole sana, ndugu yangu."

Nimeirudia karata ile kichwani mara nyingi mno, na kila mara jibu ni lile lile: nilicheza sawasawa. Nafasi 82 katika 100 maana yake ni kwamba mara 18 utaliwa, na anayeucheza mchezo huu kwa muda mrefu atakutana na mfalme huyo tena na tena. Laiti ningeinuka pale pale nikaenda zangu nyumbani, ningekuwa nimepoteza theluthi moja tu ya zile nilizopoteza usiku ule. Theluthi mbili zilizobaki niliziacha mezani kati ya saa nne na nusu na saa kumi alfajiri, na hizo hazikuchukuliwa na bahati mbaya. Nilizitoa kwa mkono wangu.

Nilikwenda dirishani kwa keshia nikanunua chipu nyingine, nikarudi kwenye kiti kile kile nikiwa na nia moja, kuzikomboa fedha zangu. Karata ambazo saa mbili kabla ningezitupa bila kuzitazama mara ya pili sasa nilizifuata. Kuna mgawo mmoja ambao bado unaninyima usingizi. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ametupa karata zake kwa karibu saa nzima, alipandisha dau ghafla, tena kubwa. Mchezaji yeyote mwenye akili timamu angejua kwamba mtu aliyengoja kiasi hicho hakuja mikono mitupu. Mimi pia nilijua. Nilikuwa na karata mbili tu dhaifu, moja ya kumi na moja ya tisa, za rangi tofauti, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Nafuata." Alikuwa na ree mbili, zile zile nilizozilia.

Wachezaji wanalo jina la hali hii kwa lugha zao, lakini hata asiyecheza anaielewa: mtu aliyepoteza huanza kuamini kwamba anadaiwa. Katika kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, mpira wa ruleti, lile gurudumu lenye vijishimo vyekundu na vyeusi, uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakazidi kuweka fedha kwenye nyekundu kwa imani kwamba sasa zamu yake imefika. Karata nazo hazikumbuki nani alionewa saa nne na nusu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 jinsi mtu aliye upande wa hasara anavyokuwa tayari kubahatisha kuliko yule aliye upande wa faida, ilimradi tu apate tumaini la kurudi pale alipoanzia. Nilikuwa nimeyasoma hayo zamani. Kuyasoma hakukunisaidia kitu, kwa sababu mtu anayechezea fedha alizokwisha kuzipoteza hawezi wakati huo huo kuwa mwamuzi wake mwenyewe.

Hapo ndipo inapoingia kasino. Katika poka wachezaji hulana wao kwa wao, na nyumba haishindani nao. Kasino hukata sehemu ndogo ya kila fungu, yaani jumla ya madau yaliyowekwa katika mgawo mmoja, nani ameshinda si shauri lake. Mapato yake basi yanategemea idadi ya migawo, na migawo inategemea saa ambazo viti vimekaliwa. Mezani penye mgawaji hai huchezwa migawo kama 30 kwa saa. Kungoja tena jozi ya ree, ambayo hutoka mara moja katika 221, ni kukaa zaidi ya saa saba, na muda wote huo fungu linakatwa na madau ya lazima yanalipwa kwa zamu. Ukumbi niliokuwamo haukuwa na dirisha wala saa ya ukutani, na kiwango kinachokatwa sikukiona kimeandikwa popote karibu na meza. Nilipotoka nje ilikuwa tayari alfajiri, nami nilidhani ni saa saba.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni mambo matatu ambayo mamlaka zinazotoa leseni za kasino zinaweza kuyaweka katika masharti. Saa inayoonekana kutoka kila kiti. Kiwango kinachokatwa katika fungu kiandikwe mezani kwa tarakimu kubwa. La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa, mchezaji aruhusiwe kumwandikishia keshia kikomo chake kabla hajakaa, na kikomo hicho kisiweze kuondolewa mpaka kesho yake, hata aombe vipi. Jambo hili si geni: Norway ilipiga marufuku mashine za kamari mwaka 2007, na zile zilizoruhusiwa baadaye zilikuja na kadi ya mchezaji yenye kikomo cha hasara. Kama mashine inaweza kumwambia mtu basi, keshia mwenye daftari hashindwi.

Najua nitajibiwa kwamba mimi ni mtu mzima na hakuna aliyenishika mkono. Ni kweli, na sehemu yangu ya kosa nimeibeba. Lakini mtu mzima aliyefika saa mbili usiku alikuwa na uamuzi wake, na uamuzi huo ndio ninaotaka uheshimiwe. Kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimeandika kwenye karatasi kiasi ambacho nisingekizidi, nikaikunja na kuitia katika mfuko wa shati. Niliikuta Jumatatu nilipokuwa nafua. Ingekuwa mikononi mwa keshia, asingeniuzia chipu hata moja niliporudi dirishani saa nne na nusu.

Wako,
Msomaji na mchezaji wa poka