Kabla Hujafungua Silinda Hedi

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Ndugu yangu Masanja,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Barua yako niliipata juzi, na nilipofika pale unaposema kwamba fundi amekushauri kufungua silinda hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya injini, kwa sababu pikapu inachemsha, niliiweka chini nikacheka kwa uchungu, kwa kuwa nami nilikwisha kusimama hapo hapo, fedha ya gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, ikiwa tayari mfukoni. Nakuomba usilipe kitu kabla hujasoma haya.

Yangu ilianza katika safari za kupeleka dagaa kutoka Mwaloni kwenda Geita. Zamani, tulipokuwa tukivuka Kigongo kwa kivuko, injini ilipata kupumzika kwenye foleni huku mimi nikinywa chai. Tangu daraja lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, zile kilomita tatu za maji tunazivuka kwa dakika chache na kuendelea na safari, na ndipo ubovu ambao foleni ilikuwa ikiuficha ulipojitokeza: mzigo ukijaa na barabara ikianza kupanda ng'ambo ya Busisi, mshale wa joto nao unapanda, lakini nikirudi mtupu unatulia kama hakuna kilichotokea.

Fundi wa kwanza hakuniuliza inachemsha wapi wala wakati gani. Aling'oa themostati, kile kilango kinachofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kupozwa, akaitupa, akisema kwamba nchi ya joto haihitaji kitu hicho. Mafundi wetu wengi wana desturi hiyo, nami siiafiki hata kidogo. Katika injini nyingi, themostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini, kwa hiyo ukiiondoa, sehemu ya maji ya moto huzunguka humo humo bila kupita kwenye rejeta inayoyapoza kwa upepo, na asubuhi injini huchelewa kupata joto na kula dizeli bure. Kama unaishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Iliyoandikwa 82 inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi 82, yaani kabla maji hayajachemka.

Tena kwetu huku maji huchemka mapema. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 96, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta: ule ulioandikwa 0.9, yaani kipimo cha mgandamizo kwa baa, springi na mpira wake vikiwa vizima, hushikilia mgandamizo hadi maji yavuke nyuzi 110. Wangu mpira ulikuwa umekatika, na fundi yule alikuwa ameufungua na kuufunga mara tatu bila kuutazama.

Kuhusu gasketi, usimwamini mtu kwa maneno. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, jaza maji, washa injini utazame. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, au bomba la mpira la juu la rejeta likiwa gumu kama jiwe muda mfupi baada ya kuwasha baridi huku mfuniko umefungwa, hapo hofu ya gasketi kuungua ina msingi. Tazama na oili kama imegeuka rangi ya maziwa, na ekzosi kama inatoa moshi mweupe hata injini ikishapata moto. Kwangu hapakuwa na dalili hata moja kati ya hizo.

Basi nikampelekea mzee mmoja kule Igoma. Kwanza aliniuliza maswali, kisha injini ikiwa ya moto akaizima, akazungusha feni kwa mkono. Ikagoma kidogo, akaridhika kwamba klachi yake, inayoishikiza na injini, ni nzima. Ingezunguka yenyewe kwa wepesi, tungeibadilisha. Ndipo akaingiza tochi kati ya kondensa, kile kipoza cha AC kinachokaa mbele, na rejeta, akaniita nichungulie. Masanja, humo ndani palikuwa na blanketi! Ni wale wadudu wa ziwani wanaopaa juu ya maji kama moshi, ambao tumekuwa tukipita katikati yao usiku kwa miaka, wamegandamana na vumbi na magamba ya dagaa kiasi kwamba upepo haukuwa na pa kupita. Kwa mbele hakuonekana hata mdudu mmoja, maana kondensa ilikuwa safi. Tulipolowanisha, harufu ya samaki waliooza ilijaa gereji nzima.

Tuliitoa rejeta, tukaisukuma kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa feni kwenda mbele, polepole, kwa sababu maji yenye nguvu nyingi hulaza vile vijibati vyembamba na kuziba njia upya. Kazi hiyo ilikula mchana mzima. Tukafunga themostati mpya na mfuniko mpya, tukajaza kulanti, ile dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji safi. Gharama yote haikufika robo ya ile ya kufungua hedi, na Jumanne iliyofuata nilipanda na magunia yangu hadi Geita, mshale ukiwa chini ya nusu.

Sasa niandikie jambo moja: yako inachemsha ikiwa imesimama kwenye foleni, au ikiwa na mzigo barabarani? Kama ni kwenye foleni, anza na feni. Kama ni mlimani, chukua tochi. Na ikichemka tena njiani, isubiri ipoe yenyewe, usifungue mfuniko ikiwa ya moto wala usimwagie injini maji baridi, maana hapo hedi inaweza kupasuka kweli na fundi wako akapata kazi aliyoitaka.

Nisalimie shemeji na watoto.

Rafiki yako,
Kulwa