Kwa ndugu yangu uliyesukuma bakuli

Ndugu yangu,

Ujumbe wangu unausoma, alama mbili za buluu naziona, lakini hujibu. Simu ukiona ni mimi unaiacha iite mpaka inyamaze. Wifi ndiye aliyeniambia kwamba usiku ukikosa usingizi huwa unapita hapa kusoma ninayoandika. Basi nakuandikia hapa. Na wengine wanaopita wasome pia, maana kila ploti ya Nairobi ina Senje wake, shangazi kama huyu wetu.

Kwanza pole na mgongo. Nasikia siku hizi unaenda kazini kwa gari moshi la asubuhi kutoka Syokimau. Umefanya vyema, kuliko kukaa saa mbili kwenye foleni ya Mombasa Road. Nisalimie wifi na kijana.

Sasa turudi Kangemi kwa Senje, Jumapili ile ya Disemba.

Wewe ulifika saa saba ukakuta meza imeandaliwa. Mimi nilikuwepo tangu alfajiri, kwa hivyo niache nikusimulie usiyoyaona. Senje alishuka sokoni kabla ya mwanga kuchagua mrenda, kwa sababu alisema wa kwa mama mboga wa pale ploti ulikuwa umelala. Akarudi na mafungu manne, na kunde za kuchanganyia. Akaketi kwenye stuli mlangoni, akachambua majani moja moja, mashina huku, majani huku, na magoti yake yale unayoyajua. Nilipotaka kumsaidia alinifukuza. Magadi alikataa kutia, alisema yanaharibu ladha. Alitoa ile chupa ya munyu aliyoletewa kutoka nyumbani, munyu wa majivu ya maganda ya maharagwe, akamimina kidogo kama mtu anayepima dawa. Akapika bila kufunika sufuria, mrenda usifurike, ubaki na rangi yake. Viti viwili aliazima kwa jirani.

Kuku alikuwepo. Asingekosa kuku siku ya mgeni, hata kama angekopa. Lakini wewe hakukuanzia na kuku. Alikuja na lile bakuli kubwa la maua, akaliweka mbele yako kwa mikono miwili, akasema, "Ya Waarabu umekula. Sasa kula ya kwenu."

Na wewe ukaliangalia. Ukatoa kidole kimoja, cha shahada, ukalisukuma. Lilienda mpaka ukingoni mwa meza likiburuta kile kitambaa alichokishona mwenyewe. Ukasema, "Senje, mimi hii siwezani nayo." Kijana akachungulia ndani akasema ni kama kamasi. Ukacheka.

Kicheko nimekisamehe. Mtoto alisema la kitoto nawe ulikuwa umechoka na safari. Kidole ndicho nimeshindwa. Mtu akikupa kitu kwa mikono miwili humrudishii kwa kidole kimoja. Jirani aliyeleta viti alikuwa bado amesimama mlangoni, akaona. Unajua kwetu mtu akikataa chakula cha mtu watu wanafikiria nini. Wanajiuliza kama anaogopa mkono wa aliyepika. Senje aliishi ploti ile zaidi ya miaka ishirini na hakuna aliyewahi kuogopa mkono wake.

Hapo ndipo nikasema, "Senje, ana vidonda vya tumbo. Daktari amemkataza."

Ulinitazama. Najua ulivyonitazama. Lakini ulimwona yeye? Uso ulimrudia. Akashika kichwa akasema, "Mungu wangu, kumbe nilitaka kumuua mtoto wa kaka yangu!" Akainuka kukuchemshia maziwa. Ukayanywa. Hukusema kwamba tumbo lako ni zima, ndugu yangu. Ulikunywa maziwa yale mpaka chini, kisha ukala kuku, kisha mkaondoka kabla ya giza. Uongo ule niliutamka mimi, ila tuliubeba wawili.

Umeniambia mara ngapi kwamba ukweli ndio heshima, kwamba wewe si mnafiki? Sikatai. Lakini ukweli una saa yake, na saa ya ukweli juu ya chakula ni kabla sufuria haijatiwa maji. Ungenipigia asubuhi ile tu: Dada, mwambie Senje mrenda sili. Angepika sukuma wiki bila kinyongo. Au angeanza kupakua ungesema, "Nitilie kidogo, Senje, nisije nikashindwa na kuku." Hilo si uongo. Kama limeshatua mbele yako, chukua tonge moja, toboa shimo kwa kidole gumba, chota, zungusha mkono ule uzi ukatike, meza. Moja. Halafu rudi kwenye kuku na usifu ugali, maana ugali wake ulistahili sifa kweli. Bakuli lingezunguka meza, sisi tungelimaliza, na hakuna ambaye angehesabu matonge yako.

Sikufundishi nisichokifanya. Mara ya kwanza nilipopelekwa Bomet kwa wakwe, nilipewa mursik. Mama mkwe alitikisa kibuyu, akamimina kikombe kimejaa, maziwa ya kijivu yenye chembe za mkaa, yaliyolala humo siku nyingi. Chumba kizima kikanitazama. Harufu ya moshi ilinipanda puani na tumbo likakataa. Nilikunywa kwa funda ndogondogo, muda wote wa mazungumzo, kikombe hakiishi. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenifundisha baadaye, tulipozoeana: usimalize haraka, kikombe kitupu kinaomba kingine. Alikuwa ameona tangu siku ile. Alicheka mpaka akatoa machozi. Siku hizi nakunywa kimoja kwa furaha, cha pili bado sijafika.

Kwa hivyo usiniambie sijui ni nini kukalia chakula usichokipenda.

Na mrenda wenyewe ulikuwa umeukosea nini? Miezi mitatu kabla, ukiwa bado Dubai, ulituma picha kwenye grupu la familia. Wali, kuku, na bakuli la mchuzi wa kijani. Ukaandika kwamba Mmisri mnayefanya naye kazi amewapeleka hotelini kula mulukhiya, na kwamba ni tamu ajabu. Mulukhiya ni mrenda! Ni jani lilelile. Wenyewe wanalikatakata mpaka linalainika kabisa, wanatia kitunguu saumu kilichokaangwa na dania, lakini linavutika vilevile. Nimesoma kwamba zaidi ya miaka 1000 iliyopita khalifa wao mmoja, al-Hakim, aliipiga marufuku, na hadi leo Wamisri wanaila. Ilikuwa tamu ulipoilipia. Kangemi ulipopewa bure ikawa kamasi.

Picha ile nilimwonyesha Senje mimi. Aliuliza ni nini, nikamwambia ni mrenda wa Waarabu. Akaishika simu muda mrefu, akasema, "Mtoto amekumbuka nyumbani." Tangu siku hiyo alikuwa anahesabu wiki.

Tumefika penye uzito.

Siku ya mazishi ya Senje, tulipokata kona Khayega kuelekea Shinyalu, ulikuwa umelala begani kwangu kama zamani. Nilifurahi, nikasema moyoni msiba umetupatanisha. Kisha tukazika, na wale akina mama wa kanisani kwake waliosafiri na basi kutoka Nairobi wakaja kukupa pole. Wa kwanza akakushika mkono akauliza, "Na tumbo linaendeleaje?" Wa pili akasema, "Tulikuombea kila Alhamisi." Wa tatu akataka kukuelekeza kwa mtu anayetengeneza dawa ya mizizi. Ulisimama pale umevaa suti nyeusi, ukiitikia asante, asante, na shingo yako ikibadilika rangi.

Miaka mitatu na zaidi alikuwa akikutaja kwenye maombi. Maziwa aliyokuwa akikutumia kwa mtu wa boda, ulidhani ni ya nini? Kabeji zile? Ule unga wa wimbi?

Ulinivuta nyuma ya migomba ukaniambia maneno ambayo sitayarudia hapa mbele za watu. Moja tu nitalirudia, kwa sababu halijaniacha nilale. Ulisema, "Wewe ndiye uliyemfanya aamini kwamba naupenda mrenda."

Nilikwambia umepotoka. Nilikasirika nikarudi Nairobi na gari la usiku bila kukuaga. Sasa nimekaa nalo miezi mingi.

Ni kweli nilikuwa nakula wako. Ulikuwa darasa la nne tulipohamia kwake, umekonda, usiku unalia kimyakimya ukiuma blanketi. Senje alikuwa akipakua, anageuka kutoa maji, mimi nabadilisha sahani. Wangu kwanza naumeza bila kutafuna, halafu wako. Akigeuka anakuta sahani yako nyeupe. "Huyu mtoto anapenda mrenda kama marehemu kaka yangu," alikuwa anasema, na anakuongeza, na mimi nakula tena. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Ungetaka nifanye nini? Yeye alikuwa amechukua watoto wawili wasio wake katika chumba kimoja, na mshahara wa kufua nguo za watu. Ningemwambia mmoja wao anachagua chakula? Na wewe ningekulazimisha, utapike, upigwe? Niliona njia moja ambayo hakuna anayeumia, nikaipita kila jioni mpaka ukaenda bweni.

Kwa hivyo ndiyo. Alipika mrenda Jumapili ile kwa sababu alikumbuka sahani tupu. Nilizimaliza mimi. Nimeandika sasa, lisome mara mbili ukitaka.

Lakini mtoto wa miaka kumi na mbili unamlaumu, na mtu mzima wa miaka thelathini na nane anayesukuma bakuli kwa kidole humlaumu! Ulikuwa na miaka mingapi ya kumwambia? Ulikuwa unampigia kutoka Dubai kila mwezi, unamwuliza unataka nikuletee nini. Sentensi moja ingetosha. Senje, unajua mrenda haukuwahi kunipita kooni? Angecheka. Ninamjua, angecheka kisha angenitafuta mimi.

Wodini nililala naye siku tatu za mwisho. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie huna vidonda wala hujawahi kuwa navyo. Mara ya kwanza muuguzi aliingia kubadilisha dripu. Mara ya pili hakuingia mtu. Alikuwa macho kabisa, ameshika mkono wangu, ananiuliza kama umekula. Nikasema umekula. Sikuweza zaidi ya hapo. Ukisema nilikunyima nafasi ya kumwomba radhi, nakuuliza ungemwomba radhi kwa nini hasa, kwa mrenda au kwa kidole? Kwa sababu la kidole ungeweza kulisema hata ukiwa na vidonda.

Nimekasirika tena. Niliahidi nafsi yangu nisikasirike.

Nilipika mrenda wiki jana. Munyu uliobaki kwenye ile chupa ni wa mara mbili, labda tatu, na sijui mtu mwingine anayejua kuuchuja kama aliyekuwa akimletea. Nilipika bila kufunika, nikasimama pale pale jikoni kama yeye. Watoto wangu walikula. Yule mdogo alisema, "Mama, nitilie kidogo," nikamtilia kidogo, na wala sikuumia. Nikakukumbuka wewe, ukiuma blanketi.

Wifi ameniambia kijana atakuja kwangu likizo ya Agosti, wiki mbili. Nimefurahi kupita kiasi. Nami sasa ni senje wa mtu, na jikoni kwangu atakaa anapotaka. Ila sitaki kubahatisha. Nipigie uniambie anachokula na asichokula. Unipigie wewe, usimtume wifi.

Dada yako