Kabla hujasema fundi kakupiga: pedi, boksi na ile dakika ya 8

"Fundi, mmenipiga." Salamu hakuna. Jumamosi jioni, duka limejaa, kijana kaweka mezani pedi ya PS4 tuliyomtengenezea Alhamisi kwa shilingi 20,000. Tulikuwa tumebadilisha mpira ulio chini ya vitufe vya mishale na kile kikaratasi cha saketi kilicho chini yake. Lalamiko lake: kwenye Tekken 7, gemu ya ngumi, pigo la ngumi ya umeme la mhusika Kazuya bado halitoki, kwa hiyo kazi hatukufanya, hela tumekula.

Hatukubishana. Tuliwasha mashine, tukaingia upande wa mazoezi, tukafungulia ile orodha inayoonyesha kila unachobonyeza. Ngumi ile inataka mbele, achia, chini, halafu chini-mbele pamoja na pembetatu, na hivyo viwili vya mwisho viingie kwenye fremu moja, yaani picha moja ya skrini. Gemu hizi zinakwenda fremu 60 kwa sekunde, maana yake fremu moja haifiki hata milisekunde 17. Akapiga. Kwenye skrini mshale wa chini-mbele ukatokea peke yake, pembetatu ikaja mstari unaofuata. Kazuya akatoa ngumi ya kawaida, umeme hakuna. Nikaichukua pedi ileile, mimi mwenye miaka 41 na macho ya kubahatisha, nikatoa tatu kati ya tano.

Aliondoka kanuna. Hela hatukurudisha. Lakini lalamiko hilo linakuja karibu kila wiki, ndiyo maana leo tunaliandika.

Na tuseme ukweli, kuna mara tulikosea sisi. Mteja mmoja wa Mabibo alikuwa akisimama kushoto mapigo yote yanatoka, akihamia kulia hayatoki. Tukamwambia ni mkono, kila mtu ana upande dhaifu, kafanye mazoezi. Karudi mara tatu. Mara ya tatu nikashika kushoto-chini nikatulia nayo, nikaona mshale kwenye skrini unapepesa kama taa ya bajaji. Kaboni ya mpira upande wa kushoto ilikuwa imeisha. Ukisimama kulia, kushoto ndiko mbele. Tulimtengenezea bure, na tangu siku hiyo hakuna pedi ya gemu za ngumi inayotoka dukani bila kushikiliwa pembe zote nne, sekunde kumi kila moja. Kipimo hicho unaweza kukifanya nyumbani kabla hujatuletea chochote. Mshale ukitulia, kasoro iko kwenye kidole. Ukipepesa, njoo.

Sasa njia za mkato. Inayotutesa kuliko zote ni mafuta ya cherehani. Sijui nani aliwafundisha vijana wa vibanda vya gemu kudondoshea mafuta kwenye vitufe vilivyoganda. Siku mbili vinateleza vizuri, ni kweli. Wiki ya pili mpira umevimba, vumbi limegeuka tope, na mafuta ya chipsi yaliyokuwemo tangu zamani yanaongezea utamu. Mwezi uliopita tulifungua moja, kila kitufe kilitoka na uzi mweusi kama wa ulimbo. Kazi ambayo ingekuwa kusafisha kwa spiriti, shilingi 8,000, ikawa mpira mpya, saketi mpya na saa nzima ya kukwangua ganda kwa mswaki. Mwenye pedi akauliza mbona bei imepanda.

Ya pili ni pedi feki. Unaambiwa orijino, boksi la samawati, plastiki inang'aa. Kwa mpira wa miguu itakusukuma. Kwa ngumi hapana, kwa sababu mishale ya nyingi ya hizo inalegea: unabonyeza chini inakupa chini-mbele. Ukitaka kununua pedi ya mkononi mwa mtu, chukua iliyochezewa mpira. Watu wa mpira wanaua analogi ya kushoto, kile kijiti cha dole gumba, na kitufe cha kukimbilia, mishale hawaigusi. Unapata mishale kama ya siku ya kwanza. Ila angalia analogi isiwe imechoka kupita kiasi, maana kwenye Tekken nayo inatembeza mchezaji, na Kazuya anayejisogeza mbele mwenyewe ni msiba.

Hapo ndipo linakuja swali la bei ya analogi. Shilingi 25,000 upande mmoja, na wenzetu wa mtaa wa pili wanafanya 10,000. Sawa. Analogi ya pedi ya PS4 ina miguu 14 iliyolehemiwa kwenye bodi. Ukiivuta kabla lehemu ya miguu yote haijayeyuka, inang'oka na njia ya shaba, na hapo pedi haina mwenyewe. Tunanyonya mguu mmoja mmoja kwa pampu. Mwaka jana tulipokea pedi nne zilizong'olewa kwa bisibisi mahali pengine. Mbili tu ndizo zilizopona.

Wengi wanatuuliza kama wanunue stiki ya Japani, ile yenye mpini wa kushika, au boksi, lile la vitufe vitupu ambapo hata kwenda mbele na nyuma ni kitufe. Jibu letu linawaudhi: kama pedi yako ina mishale mizuri, baki nayo. Mwaka 2014 Mfaransa Olivier Hay, maarufu kama Luffy, alichukua Evo, mashindano makubwa ya gemu za ngumi, kwenye Ultra Street Fighter IV kwa pedi ya PlayStation ya kwanza kabisa, mashine iliyotoka mwaka 1994. Stiki inaufaa mkono wenye mazoea nayo, na utapoteza miezi kujifunza upya. Boksi linafaa wenye maumivu ya dole gumba, na wale wanaotaka mwendo safi, kwa sababu kitufe ama kimebonyezwa ama hakijabonyezwa.

Maboksi tunatengeneza. Mbao ni mninga, fundi wetu yuko Keko, matundu ya milimita 24 na moja kubwa la 30 kwa ajili ya kuruka. Ndani tunaweka Raspberry Pi Pico, kibao kidogo cha saketi, yenye programu huria ya GP2040-CE. Tunalaumiwa kwamba Pico ni rahisi, kwa nini tunauza 180,000? Aliyelaumu kwa sauti kubwa alikwenda akaagiza la bei nusu mtandaoni. Likaja, likawaka, akafurahi. Jioni akaliingiza kwenye PS4 akicheza na shemeji yake kwa dau. Dakika ya 8 likakata. Akachomoa, akachomeka, baada ya dakika 8 likakata tena. PS4 inadai kifaa kithibitishe kwamba kinatambulika, kisipothibitisha inakifungia mlango. Kwenye kompyuta hilo halipo. Bei yetu ina kigeuzi kinachomaliza shida hiyo, na kabla hujalipa tunakuuliza unacheza kwenye nini. Alikuja kununua kigeuzi peke yake. Shemeji alikuwa keshakula dau.

Mwenye PS5 ajue kwamba pedi ya PS4 haitachezesha gemu za PS5, hata uichomeke vipi. Na ukichomeka waya usidhani tayari unacheza kwa waya. Ingia kwenye mipangilio, tafuta njia ya mawasiliano ya pedi, chagua USB. Bila hivyo waya unachaji tu na pedi inaendelea kuongea hewani.

Ukituletea pedi, njoo na waya wake, na utuambie mapema kama uliweka mafuta. Hatutakusema. Jumatatu tunafungua saa nane mchana.