Skii tujifunzie kwenye njia ya reli, si mlimani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeshauri katika toleo lililopita kwamba jumuiya zetu hapa Québec ziache kabisa kuwapeleka watu kwenye skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, kwa kuwa wanaumia bure. Kuumia wanaumia kweli, sibishi. Ila walipelekwa wapi? Walipandishwa kwa lifti hadi kileleni, wakafungwa viatu vigumu, wakaambiwa haya, shukeni. Mtu amefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, theluji yenyewe hajaizoea, ateremke mlima na hata kusimama hajafundishwa?

Iko skii nyingine, ya mwendo mrefu mahali pa tambarare, na njia yake tunayo mlangoni: P'tit Train du Nord. Hapo zamani palikuwa na reli. Padri Antoine Labelle ndiye aliyeipigania, akitaka watu wahamie kaskazini mwa Montréal badala ya kukimbilia viwanda vya Marekani. Treni ilifika Saint-Jérôme mwaka 1876, na mwaka 1909 ikafika Mont-Laurier, kaskazini zaidi. Baadaye ikawa ndiyo inayowapeleka watu wa Montréal kwenye skii wikiendi. Magari yalipozidi, treni ikakosa abiria, reli zikang'olewa, na mwaka 1996 tuta lake likafunguliwa kuwa njia ya baiskeli wakati wa kiangazi. Majira ya baridi, kipande cha Saint-Jérôme hadi Val-David, zaidi ya kilomita 40, husawazishwa kwa mashine kwa ajili ya skii.

Faida ya tuta la reli ni hii. Aliyewahi kupanda treni ya Kigoma anajua kuwa garimoshi halikabili mlima uso kwa uso. Linauzunguka, linapanda polepole. Kwa hiyo ingawa Laurentides, eneo hili letu, ni nchi ya milima, njia hii haina mteremko wa kukutupa. Mashine inachonga mifuo miwili pembeni, unaingiza skii zako humo, nazo zinakwenda zenyewe bila kupishana. Kisigino hakifungwi, kiko huru kama unapotembea. Ukianguka umeanguka kwenye theluji, tena ukiwa taratibu, na watoto wanakucheka.

Na mjue kwamba njia inapanda kidogo kidogo kuelekea kaskazini. Anayeanza aondoke Saint-Jérôme akiwa na nguvu, akichoka ageuze, kurudi ni rahisi zaidi. Kufika Prévost, mji unaofuata njiani, si lazima siku ya kwanza, ingawa stesheni yake ya zamani bado ipo na wapitaji huingia humo kupasha mwili moto.

Mavazi ndiyo yanayotuponza. Tunajifunga makoti mazito kana kwamba tunakwenda kusubiri basi. Skii ya mwendo inatoa jasho vibaya sana. Vaa nguo nyepesi za tabaka tabaka, na ya ndani isiwe ya pamba, maana pamba ikilowa haikauki, na ukisimama tu baridi inakuingia mifupani. Koti zito lako libaki kwenye mkoba. Jambo jingine, nalisema kwa aibu kidogo kwa niaba yetu sote: tusikanyage mifuo kwa mabuti. Shimo moja la buti likiganda usiku, anayekuja asubuhi anakwenda chini.

Na wanaosema huu si mchezo wetu, nawaambia Philip Boit wa Kenya alishindana katika skii ya mwendo kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, akamaliza wa 92, wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Wazee wanaosema umri umepita nawakumbusha Herman Smith-Johannsen, yule Mnorwe aliyechora njia za skii katika milima hii hii. Alizaliwa mwaka 1875, akafariki mwaka 1987.

Ombi langu kwa viongozi wa jumuiya: fedha za safari ya mlimani mwaka huu zikodishe skii za mwendo na kumlipa mwalimu wa saa mbili tu. Januari au Februari inafaa, kabla jua la Machi halijaanza kuilainisha theluji mchana na usiku kuigeuza barafu. Chai na maandazi akina mama wa Saint-Jérôme tutaleta.

Msomaji wako,
Saint-Jérôme, Québec