Kabla ya kutaja bei, muuza dawa aulize dawa ni ya nani

Mhariri,

Mteja akifika dukani na kusema "nipe Panadol za mia tano", mtoa dawa ana njia mbili. Anaweza kukata vidonge, kupokea hela na kumwita anayefuata. Au anaweza kuuliza kwanza, "Ni za nani?" Naandika kuitetea njia ya pili, kwa sababu katika maduka mengi ya dawa muhimu imeachwa, na wateja wenyewe wameanza kuiona ni umbea.

Maduka haya yalianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi. Shabaha ilikuwa kwamba pale pasipo na famasi awepo mtu aliyefundishwa, mwenye orodha ya dawa anazoruhusiwa kutoa, anayejua pia wakati wa kumwambia mgonjwa "hili si la hapa, nenda zahanati". Leseni bado zinaning'inia ukutani. Maswali ndiyo yamepungua.

Na maswali yenyewe hayamalizi dakika mbili. Dawa ni ya nani, na kama ni mtoto ana umri na uzito gani? Anaumwa nini hasa, na tangu lini? Ameshatumia dawa gani mpaka sasa, zikiwemo za miti shamba? Ana ugonjwa mwingine, ana mzio wa dawa yoyote, ni mjamzito au ananyonyesha? Swali la dawa alizokwisha kutumia ndilo linalorukwa kuliko yote, na kuuelewa uzito wake inatosha kuitazama parasetamoli, dawa iliyomo kwenye Panadol.

Mtu mzima mwenye homa na mafua anakunywa vidonge viwili vya miligramu 500 mara tatu kwa siku. Hiyo ni gramu 3, na iko ndani ya kiwango, kwani ukomo wa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24. Mchana anapita duka jingine, anaomba dawa ya mafua. Nyingi kati ya hizo zina miligramu 500 za parasetamoli katika kila kidonge. Akimeza kimoja mara tatu, ameongeza gramu 1.5. Jioni mgongo unauma, rafiki anamshauri anunue ule mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli, na humo kuna miligramu 500 nyingine kwa kidonge. Mara tatu, gramu 1.5 tena. Jumla ni gramu 6, na kila muuzaji ameuza kipimo kilicho sahihi kwa dawa yake. Ubaya wa sumu hii ni kwamba siku ya kwanza haisemi kitu, pengine kichefuchefu tu. Ini huanza kuonyesha madhara baada ya siku mbili au zaidi, wakati dawa ya kuizuia hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 za mwanzo. Kwa hiyo muuza dawa ya mafua asiposema "hii ina Panadol ndani yake, usichanganye", amempa mteja nusu ya alichokuja kununua.

Kwa watoto hesabu ni ya uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5, hivyo mtoto wa kilo 10 anatosheka na mililita 5, na wa kilo 15 na mililita 7.5. Lakini rafuni hapo hapo ipo yenye miligramu 250 kwa mililita 5, na yapo matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 katika kila mililita moja. Mama aliyezoea "kijiko kimoja" akiuziwa matone bila maelezo, kijiko hicho kinabeba miligramu 500, wakati mtoto wake wa kilo 6 anahitaji 60 hadi 90, yaani chini ya mililita moja. Muuzaji afungue boksi mbele yake, amwonyeshe mstari kwenye kipimio kwa kidole, au amchoree alama kwa kalamu. Kijiko cha nyumbani si kipimo. Vijiko vya chai vinatofautiana ukubwa, na chakula kinapopimwa navyo hakuna anayedhurika, ila dawa ni habari nyingine. Kama boksi halina kikombe, bomba lisilo na sindano la mililita 5 linatosha, na bei yake ni ndogo.

Chupa ya mililita 60, kwa mililita 5 mara nne kwa siku, inaisha siku ya tatu. Mzazi akirudi kuomba ya pili, jibu si chupa ya pili. Na katika mikoa yenye malaria homa isingojewe siku tatu: apimwe siku hiyo hiyo, wala asiuziwe dawa ya malaria, ile ya mseto, kwa kukisia. Mtoto aliye chini ya miezi miwili mwenye homa haanzi na dawa ya dukani hata kidogo.

Kuharisha kwa watoto ndiko kunakoonyesha vizuri zaidi kama muuzaji anashauri au anauza tu. Mzazi huomba Flagyl, dawa ya bakteria na amiba. Anapewa Flagyl. Mtoto mdogo anayeharisha majimaji bila damu mara nyingi ana virusi, na Flagyl haigusi virusi. Kinachomdhuru ni maji na chumvi zinazomtoka. Anachohitaji ni ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na zinki, dawa mbili za bei nafuu zisizo na faida kubwa kwa mwenye duka, na nadhani hapo ndipo penye kiini cha tatizo.

ORS nayo haiuzwi kwa kukabidhi pakiti tu. Pakiti iliyoandikwa lita 1 inaingia yote katika lita 1 ya maji safi ya kunywa, yaani chupa mbili za nusu lita. Zipo pakiti za nusu lita pia, kwa hiyo isomwe kwanza. Kosa la kawaida ni kumimina pakiti nzima kwenye glasi ya mililita 250. Chumvi inakuwa mara nne ya inayotakiwa, mtoto anatapika, kiu inazidi, na sodiamu katika damu inaweza kupanda hadi kumletea degedege. Kosa la pili ni kugawa unga kwa macho ili "ubaki wa kesho". Kosa la tatu ni kuongeza sukari au soda ili anywe vizuri. Ikishachanganywa isichemshwe, na ikibaki baada ya saa 24 imwagwe. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200, kwa kunyweshwa kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea taratibu zaidi. Kunyonya na kula kusisimame.

Zinki ni kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, nusu kidonge kwa aliye chini ya miezi sita, kinayeyushwa kwenye kijiko cha maziwa ya mama au maji safi, kwa siku 10 hadi 14. Tumbo likifunga siku ya tatu mzazi huacha. Aambiwe mapema kwamba siku zinazobaki ni za kupunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili mitatu inayofuata. Asipoambiwa sababu, hatamaliza. Dawa za kufunga tumbo asipewe mtoto. Damu kwenye choo, macho yaliyobonyea, ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ikifinywa, mtoto asiyeweza kunywa au aliyelegea: huyo ni wa kituo cha afya sasa hivi, na ORS aianze akiwa njiani.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Anayeomba diklofenaki au ibuprofeni aulizwe kuhusu vidonda vya tumbo, presha, figo, pumu na mimba. Akiwa na chochote kati ya hivyo asiuziwe bila kumwona daktari. Asprini asipewe mtoto mwenye homa. Piriton inaleta usingizi, na dereva wa bodaboda aambiwe hivyo kabla hajaweka hela mfukoni. Mjamzito mwenye kiungulia anayenunua vidonge vya kutafuna aulizwe kama anameza madini ya chuma kutoka kliniki, kwa sababu akimeza vyote pamoja chuma hakisharabiwi vizuri. Aviachanishe kwa saa mbili. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni cha kupimwa kifua kikuu, si cha chupa nyingine ya dawa. Mtoto anayekohoa ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya nimonia.

Krimu za ngozi zinanikera zaidi. Mtu ana mashilingi, yale madoa ya mviringo ya fangasi, anapewa mchanganyiko wenye betamethazoni, ambayo ni steroidi. Siku tatu mwasho umekwisha, anaisifia, kumbe fangasi wanaenea chini kwa chini na ngozi inakonda. Klotrimazoli tupu, krimu ya fangasi isiyo na steroidi, mara mbili kwa siku, na kuendelea wiki mbili baada ya alama kupotea, ndiyo inayotibu. Haitoi sifa ya haraka, ndiyo maana haipendekezwi.

Na P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba: binti hatajibu swali lolote mbele ya foleni. Msogeze pembeni. Inamezwa ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyofaa. Akitapika ndani ya saa mbili arudie dozi. Na kama anatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini au dawa za ARV zenye efavirenzi, nguvu ya P2 inapungua, hivyo aelekezwe kliniki ya uzazi wa mpango.

Baada ya ushauri hubaki bahasha. "1x3" si maelezo. Wako wanaoisoma ni kidonge kimoja kwa siku tatu, na wako wanaomeza asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku mzima hakuna dawa mwilini. Dawa ya kila saa 8 iandikwe kwa saa zetu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Liandikwe jina la dawa, nguvu yake, jina la mgonjwa, siku ngapi, kabla au baada ya kula. Karatasi la vidonge likatwe kuanzia upande usio na tarehe ya mwisho wa matumizi, ili kipande kinachobaki dukani kiendelee kuwa nayo, na mteja aandikiwe tarehe hiyo kwenye bahasha. Kisha muuzaji aseme, "Hebu nieleze utakavyompa." Anayejibu vibaya bado yuko mbele yako, na kumrekebisha ni bure.

Wenye maduka watasema muda hautoshi. Jioni, wakati wa msongamano, ni kweli. Lakini mara nyingi aliyepo kaunta jioni ni ndugu aliyeshikishwa duka, naye hawezi kuuliza kwa sababu hajui afanye nini na jibu. Huyo apokee hela; dawa itolewe na aliyefundishwa. Na wateja nao wapunguze "we nipe tu, naijua".

Ombi langu kwa Baraza la Famasi ni moja. Kukagua leseni, friji na tarehe za dawa kuendelee, ila pia atumwe mtu wa kawaida, bila kitambulisho, aseme ana mtoto wa mwaka mmoja anayeharisha tangu jana na anataka Flagyl. Kilichomo kwenye bahasha atakayotoka nayo, na idadi ya maswali aliyoulizwa, viingizwe kwenye ripoti ya ukaguzi.

Mfamasia,
Morogoro