Kadi ya bima unayo, lakini miwani inalipiwa?

Mteja anaingia dukani kwetu hapa Moshi, anajaribu fremu nne tano, anajigeuzageuza mbele ya kioo, kisha anaweka kadi mezani: "Bima si italipa yote?" Mara nyingi jibu ni hapana.

Bima nyingi hutenganisha ugonjwa wa macho na miwani. Jicho likiwasha, likiwa jekundu au likipoteza uoni ghafla, huo ni ugonjwa. Daktari, vipimo na dawa huhesabiwa kwenye matibabu ya kawaida, kama ungeumwa malaria. Mtoto wa jicho naye yumo humo. Hakuna matone ya kumyeyusha, huondolewa kwa upasuaji, na kwa kawaida bima hutaka kutoa idhini kwanza. Ukipewa rufaa ya hospitali ya KCMC, fuatilia idhini mapema, usisubiri ufike dirishani na begi la kulazwa mkononi.

Miwani ina fungu lake, lenye kikomo cha fedha na mara nyingi cha muda pia, labda miwani moja kwa mwaka au kwa miaka miwili. Vifurushi vingine vya bei nafuu havina kabisa fungu hilo. Mtumishi anayekatwa asilimia 3 ya mshahara kwenda NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, na mwajiri akaongeza 3 nyingine, huona ameshalipia kila kitu. Tunamwelewa, ila kinacholipwa ni kilichomo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma za bima yake.

Chukua mama wa miaka 45 ambaye siku hizi husoma meseji kwa kunyoosha mkono. Si mgonjwa, lenzi ya asili ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea. Cheti chake kitaonyesha ADD +1.50 au karibu na hapo, yaani nguvu ya ziada ya kuonea karibu. Lenzi ya kawaida ya kusomea mara nyingi haivuki kikomo. Lakini akitaka ya mbali na karibu isiyo na mstari, inayobadilika rangi juani na isiyoakisi taa, kila nyongeza ina bei yake, na bima nyingi huziona kama anasa. Miwani ya jua ya urembo ndiyo usiulize. Kama ni lazima uongeze hela, ushauri wetu ni uiongeze kwenye lenzi: wewe unaonea lenzi, fremu wanaiona wenzako.

Wenye kisukari wanapaswa kuchunguzwa macho kila mwaka hata kama wanaona vizuri. Nayo presha ya macho hunyemelea bila maumivu, na matone yake ni ya kila siku. Kama ndiyo kwanza unajiunga na bima binafsi, uliza muda wa kusubiri kwa magonjwa uliyokuwa nayo tayari.

Ukija, beba kadi, kitambulisho na cheti cha vipimo vya macho. Tutahakiki salio lako ukiwa umekaa hapo hapo, kabla ya kukata lenzi, kwa sababu ikishakatwa kwa namba zako hatuwezi kumuuzia mtu mwingine.