Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: Kuonja mvinyo si kufungua baa

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUONJA MVINYO KATIKA DUKA LENYE LESENI YA KUUZA CHUPA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwenye duka dogo la mvinyo hapa Dodoma: chumba kimoja, rafu tatu, kaunta ya mninga na, uani, tanuri la matofali nililolijenga kwa ajili ya mkate. Kila Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, nilikuwa nikifungua chupa za aina nne za mvinyo na kuwamiminia wateja kidogo kidogo ili waonje kabla ya kununua, huku mkate uliotoka tanurini muda huo ukikatwa juu ya ubao. Miezi miwili iliyopita afisa mmoja wa ukaguzi aliingia katikati ya shughuli hiyo, akatazama glasi, akatazama mkate, akasoma karatasi iliyokuwa kwenye kaunta, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya nikuandikie: "Hapa ni duka, ni baa, ni mgahawa, au ni ofisi ya chama?"

Afisa huyo alikuwa mstaarabu na sina kinyongo naye. Alinieleza kwamba leseni yangu ni ya kuuza chupa iliyofungwa ambayo mnunuzi huondoka nayo, na kwamba chochote kinachomiminwa na kunywewa ndani ya duka kinahitaji leseni ya aina nyingine. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inatenganisha mambo hayo mawili, na kwa mwaka ule ilitosha, kwa kuwa kinywaji ama kilinywewa kilabuni ama kilibebwa nyumbani. Kuonja kumekaa katikati, hakuko huku wala kule, na kila mkaguzi anabaki kulitafsiri jambo hilo kwa kadiri ya hekima yake.

Naomba nieleze kwa vipimo kile ninachokiita kuonja. Kila mteja hupewa mililita 30 za kila aina, yaani chupa moja ya mililita 750 huonjwa na watu 25. Akionja aina zote nne atakuwa amekunywa mililita 120 kwa muda wa saa mbili, kiasi ambacho ni pungufu ya glasi moja ya kawaida inayomiminwa baa, tena akitafuna mkate. Halipii kuonja. Asiyependa alichoonja hukimwaga kwenye ndoo iliyo pembeni ya kaunta, na sijawahi kuona baa ambayo mteja humwaga kinywaji chake kwa hiari.

Sababu ya kufanya hivyo, Mheshimiwa, iko kilometa chache kutoka dukani kwangu. Tangu wamisionari wa Kikatoliki walipopanda mizabibu Bihawana katikati ya karne iliyopita, zao hili limeenea Mpunguzi, Matumbulu, Hombolo na Makutupora, na kwa hali ya hewa yetu mizabibu huzaa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa halipati. Lakini zabibu iliyochumwa haisubiri. Zikikosa mnunuzi kwa siku chache huharibika, na mkulima anayezikamua ili kuziokoa hubaki na matangi ya mchuzi wa zabibu akitafuta kiwanda cha kuununua. Tunapozungumza juu ya soko la zabibu, mazungumzo huishia kwenye viwanda, bei ya kilo na mikopo, na ni mara chache mtu akauliza kama Mtanzania anayeingia dukani anajua ladha ya mvinyo unaotoka shambani kwa jirani yake.

Kwa uzoefu wangu, wengi hawaijui. Wateja wangu wengi walikuja Dodoma na uhamisho wa Serikali ulioanza mwaka 2016. Wanaijua Dompo, ule mvinyo mtamu wa Dodoma, wanajua kwamba mvinyo wa hapa ni mtamu, na wanaamini kwamba mvinyo mkavu lazima utoke Afrika Kusini. Humwambii mtu wa namna hiyo kwa maneno akakuelewa. Unampa mililita 30 za mvinyo mweupe wa zabibu aina ya Chenin Blanc zilizolimwa Hombolo, uliopoa vizuri, ananyamaza, anauliza bei. Mvinyo mwekundu mkavu ni mgumu zaidi kuuelezea, kwa sababu ukakasi wake humfanya anayeanza adhani kwamba umeharibika. Hapo ndipo mkate unapofanya kazi, kwani akitafuna kipande na kuonja tena, ule ukakasi hulainika na ladha ya tunda hujitokeza. Jambo hilo haliwezi kuandikwa kwenye lebo likaeleweka, nami nimejaribu.

Mkate wenyewe nauchanganya kwa unga wa ngano na unga wa uwele, theluthi moja uwele, kwa kuwa uwele ndio nafaka ya Ugogoni na huupa mkate harufu ya moshi kidogo ambayo hukubaliana na mvinyo mwekundu. Wapo wanaokuja kwa ajili ya mkate peke yake. Jirani yangu mmoja, Mwislamu mwenye msimamo, hajawahi kugusa glasi, lakini hukosekana kwa nadra siku ya Ijumaa. Hununua mikate miwili, husimama mlangoni, hubishana kidogo na kuondoka kabla ya adhana ya magharibi.

Hubishana kuhusu ile karatasi, nami siwezi kuiruka, maana ndiyo iliyomtia afisa wasiwasi zaidi kuliko glasi. Kila wiki huandika karatasi moja. Upande wa kwanza una majina ya mvinyo wa Ijumaa hiyo, shamba ulikotoka na bei. Upande wa pili una tafakuri yangu fupi juu ya siasa za wiki. Katika mji ambao Bunge linakaa, ni vigumu kuuza kitu chochote bila kuzungumza siasa, na heri izungumzwe juu ya mkate. Ijumaa iliyojaa watu kuliko zote kwa mwaka ni ile ya Juni inayofuata Alhamisi ya hotuba ya bajeti. Kodi yetu ya ushuru wa bidhaa huutenganisha mvinyo ambao zabibu za ndani zimezidi asilimia 75 na mvinyo mwingine, na nilipoandika kwamba mpaka huo unamlinda mkulima lakini haumfundishi mnywaji, mhasibu mmoja mstaafu aligeuza karatasi, akafanya hesabu pembezoni na kunionyesha kwamba nimekosea nusu ya hoja. Wiki iliyofuata nilichapisha hesabu yake. Sina chama ninachokipigia debe, na Ibara ya 18 ya Katiba yetu, ile ya uhuru wa maoni, inanitosha kwa upande huo wa karatasi. Sikuombi ruhusa ya kufikiri.

Ninachokuomba ni kidogo. Naomba wizara yako, kwa kushirikiana na mamlaka zinazohusika na leseni za vileo, itambue kwa maandishi kwamba duka lenye leseni ya kuuza chupa linaweza kuonjesha mvinyo wa zabibu za ndani kwa masharti yanayopimika: kipimo kisichozidi mililita 30 kwa kila aina, aina zisizozidi nne, siku moja kwa wiki kwa saa zilizotajwa, bila malipo, chakula kikiwepo, na mtu aliye chini ya miaka 18 asihudumiwe. Ikionekana inafaa kutoza ada, nitailipa, mradi isilingane na ada ya baa, kwa sababu duka la rafu tatu haliwezi kulipa leseni ya baa ili litoe bure kile ambacho baa inauza. Mkaguzi naye atakuja na kipimo mkononi badala ya swali.

Tangu alipokuja afisa yule nimetii. Chupa nne za Ijumaa zimebaki na vizibo vyake, na mkulima mmoja wa Matumbulu, ambaye nilimwahidi kuonjesha mvinyo wake wa kwanza, amekwisha kuniuliza mara mbili lini. Nimemwambia nimekuandikia. Mkate unaendelea kutoka saa kumi na moja, na karatasi ya wiki hii, upande wa pili, ni barua hii.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la mvinyo,
Dodoma